Skrini ya Kutundikia Futi

Bisibisi alibonyeza kitufe, akarudi nyuma kama mtu aliyewasha fataki, akangoja. Ndani ya boksi feni ikaanza kuvuma, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Baada ya hapo hakikutokea kitu. Ile sauti ya kike ambayo kila asubuhi ilisema "karibu" kwa lafudhi ya puani haikusema lolote, na skrini ilibaki nyeusi tii.

"Tuipe muda," alisema Bisibisi. "Imeongezewa kumbukumbu. Inajitafakari."

Wakaipa muda. Dada yake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alisimama mlangoni na pini tatu mdomoni, gauni la mteja limemning'inia mkononi. Mumewe alikaa kwenye kiti chake mbele ya kibodi, mikono magotini, kichwa kimeinama upande, kama akaavyo siku zote anaposikiliza. Mwanamume huyu alikuwa haoni, haoni kabisa, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kusikiliza. Baraza la ardhi la wilaya lilimpa sauti za vikao vyake, watu wakigombania mipaka na njia za maji na miti iliyopandwa na marehemu, naye akazigeuza kuwa maandishi neno kwa neno, huku kompyuta ikimsomea kila alichoandika. Bila ile sauti ya kike, kibodi kwake ilikuwa ubao wenye vinundu.

"Imeshamaliza kutafakari?" aliuliza mume.

"Bado, shemeji."

"Maana mimi nina kikao cha kumalizia."

Alilisema kwa upole. Karani wa baraza hakuwa amemung'unya maneno. Vikao hivi vilikuwa vya majaribio, na cha mwisho kilitakiwa mezani kwake kesho asubuhi. Kikifika, kazi zote za baraza zingekuwa za mwanamume huyu. Kisipofika, baraza lingetafuta mtu mwingine, na pale nyumbani wangerudi kule walikotoka, mume kukaa barazani kusalimiwa na wapita njia kwa sauti kubwa, kana kwamba asiyeona ni kiziwi pia.

Na kosa lilikuwa la nani? Hilo ndilo lililomsumbua. Kompyuta ilikuwa nzima. Ni kweli kwamba siku za karibuni sauti yake ilianza kigugumizi, neno moja ikilisema mara tatu kabla ya kuliachia, na Bisibisi, mdogo wake, anayetengeneza simu sokoni na kuamini kwamba kilichotengenezwa na binadamu kinafunguliwa na binadamu, ndiye aliyesema dawa ni kuiongezea kumbukumbu. Jana jioni alikuja na kijikadi chembamba kama kitana, akafungua boksi, akalipuliza vumbi lililokuwa limelala humo miaka nenda miaka rudi, akakichomeka. Mama Pindo alikuwa amemshikia tochi. Aliona kwa macho yake kilivyoingia na kulia tik, kama kifungo cha koti.

"Kitoe," alisema sasa, pini zikiwa bado mdomoni. "Irudishe kama ilivyokuwa."

Bisibisi akakitoa na kubaki na kile cha zamani peke yake. Akabonyeza kitufe. Feni, taa ya kijani, kimya.

Hapo ndipo walipochanganyikiwa kweli. Ugonjwa unaotokana na chakula kipya huisha ukiacha chakula. Huu mwingine ulikuwa wa nini? Bisibisi alikisugua kijikadi cha zamani kwa kifutio cha penseli, akakirudisha. Alikihamishia tundu la pili. Alivichomeka vyote viwili kwa kuvibadilisha nafasi. Kila mara alisema "sasa", na kila mara ile sasa yake ilikufa palepale.

"Haijafa," alisema mume.

Wenzake walikuwa wameinamia boksi.

"Nasema haijafa. Feni inavuma kwa utulivu. Mashine iliyoshindwa kuamka hupiga kelele, au hujizima. Hii imekaa tu." Akanyoosha mkono, akabonyeza vitufe anavyovijua yeye, kile kipana cha chini, kile kikubwa cha kulia, vile viwili vya kuita sauti. Hakuna. "Imekaa kama mtu anayengoja kitu."

"Shemeji, hii ni mashine," alisema Bisibisi, amechoka. "Haingoji."

"Dada, tuipeleke dukani," akaongeza, akimwambia Mama Pindo peke yake.

*

Duka la fundi wa kompyuta lilikuwa chumba kirefu kama ushoroba, waya zimetapakaa kila mahali. Mume alikataa kuachwa nyumbani. Walikwenda watatu, Bisibisi amekumbatia boksi kifuani, kijikadi kipya mfukoni, Mama Pindo amemshika mumewe kiwiko, na kila walipofika penye mtaro alisema "mtaro", na mume akauruka bila kupunguza mwendo.

Fundi alikuwa kijana mwenye haraka. Alilipokea boksi, akaliunganisha na skrini yake na kibodi yake, huku akimuuliza Mama Pindo maswali.

"Anaitumia nani?"

"Mume wangu huyu."

Fundi akamtazama mume, akayaona macho yake, akamrudia mke. "Anaitumia kwa kufanyia nini?"

"Anachapa."

"Anachapa nini?"

"Muulize, kijana," alisema mume. "Yupo hapa hapa."

Fundi akacheka kidogo, akasema samahani mzee, kisha akaendelea kumuuliza Mama Pindo. Ina miaka mingapi? Mara ya mwisho kuzimwa ilikuwa lini? Mama Pindo alijibu swali la kwanza kwa kubahatisha. La pili lilimshangaza, kwa kuwa haikuzimwa kamwe. Tangu iingie nyumbani ilikuwa kwenye umeme, usiku ikalala, asubuhi mumewe akaiamsha kwa kidole. Ni jana tu walipoichomoa ili ifunguliwe.

Fundi hakungoja jibu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye simu yake, wa pili ukapita juu ya kibodi na kudonoa kitufe, kama mtu afukuzavyo nzi. Kwenye skrini ya fundi maandishi meupe yalipita, kisha rangi zikatanda, na mara kutoka kwenye spika ya dukani ile sauti ya puani ikasema, "Karibu."

Wateja wengine waligeuka. Mume akatabasamu, kwanza kidogo, kisha uso mzima.

"Mbona nzima hii?" alisema fundi.

"Umeifanya nini?" aliuliza Bisibisi.

"Sijafanya kitu. Nimewasha."

"Nasi tuliwasha."

"Basi hamkuiwasha vizuri," alisema fundi, naye Bisibisi, mtengenezaji wa simu mwenye wateja wake na heshima yake, akameza hilo mbele ya dada yake. Fundi alichomeka kile kijikadi kipya, akawasha tena, akadonoa tena, ikawaka tena, safari hii sauti ikiwa haina kigugumizi hata chembe. Akang'oa waya, akasukuma boksi upande wao, akatoza ya kuangalia.

"Hujatengeneza kitu, unatutoza nini?" aliuliza Mama Pindo.

"Macho yangu, mama. Macho nayo hufanya kazi." Halafu akakumbuka nani amesimama pale, akaanza kutafuta kitu chini ya meza.

Wakalipa. Njiani mume alikuwa mchangamfu, akipiga hesabu ya kurasa zilizobaki, akisema akianza mara moja atakuwa amemaliza kabla jua halijatua. Mama Pindo alimwitikia. Moyoni alikuwa ameshaanza kurudi kwenye gauni la mteja na pindo lake lililosimama nusu.

*

Nyumbani Bisibisi aliunganisha kila kitu kwa uangalifu wa mtu anayemvalisha bwana harusi. Akabonyeza.

Feni. Taa ya kijani. Kimya.

Kisha Bisibisi akasema neno ambalo halisemwi mbele ya dada mkubwa, na Mama Pindo hakumkemea.

Walimpigia fundi wa dukani. "Kwangu imewaka mara mbili mbele yenu," alisema. "Kwa hiyo ugonjwa uko kwenu. Umeme wenu mchafu." Bisibisi akahamisha waya wa boksi kwenye soketi ya ukutani, akaurudisha kwenye kamba ya soketi nyingi iliyogawa umeme kati ya kompyuta, cherehani na pasi. Akaupeleka jikoni, boksi likawekwa juu ya meza ya kukatia vitunguu. Umeme wote ulikuwa mchafu sawasawa. Akapiga tena. "Basi mmeitikisa njiani," alisema fundi. "Mliibeba vipi?" Bisibisi akaeleza alivyoibeba kifuani. "Hapo ndipo ilipoharibika," alisema fundi, na kukata simu.

"Mtu ameniambia kifua changu kimeharibu kompyuta," alisema Bisibisi. Akacheka, kicheko kibaya, akakalia boksi la vitambaa, akashika kichwa. Baadaye akasema kuna jamaa yake ana kifaa cha kusafishia umeme, atakwenda kukiazima. Akaondoka bila kuaga vizuri.

Mume alibaki kwenye kiti. Hakulalamika. Kama angelalamika ingekuwa afadhali. Alipapasa kibodi, akapapasa ubavu wa boksi, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mwenzangu," alisema. "Njoo unisaidie kitu."

"Nakuja," alisema Mama Pindo, lakini alitoka nje.

Alipita nyuma ya nyumba, akasimama kando ya ukuta penye kamba ya kuanikia nguo, akatoa simu. Alikuwa amechoka, na uchovu una hoja zake. Alijiambia: mpaka lini? Leo ni kompyuta, kesho ni umeme, keshokutwa ni karani kusema kuna neno limekosewa. Anajipa matumaini ambayo mwisho wake nitayaokota mimi. Bora niukate uzi huu sasa, nyumba itulie. Ndivyo alivyojiambia, na wakati ule aliamini kwamba huo ni upendo.

Karani wa baraza alipokea haraka.

"Nakupigia kuhusu ile kazi ya mume wangu," alisema Mama Pindo. "Ile ya kesho. Nimeona nikwambie mapema msije mkakwama. Hawezi."

"Anaumwa?"

"Hapana. Hawezi tu." Alitafuta namna ya kueleza habari za kijikadi na tundu la pili na umeme mchafu, akaona ni hadithi ndefu ambayo hata yeye hakuielewa. "Si unajua hali yake. Mpeni mwingine."

"Nilikuwa nahofia hivyo hivyo, mama," alisema karani kwa sauti laini. "Usijisikie vibaya. Tunaelewa kabisa. Kuna binti aliomba, nitampigia sasa hivi."

Lile "tunaelewa" lilimchoma, na hakujua kwa nini, kwa kuwa ndilo alilokuwa akilitafuta. Alisema ahsante. Akasimama pale kidogo, akiupanga uso wake, ingawa ndani hakukuwa na wa kuutazama.

*

"Ulikuwa wapi?" aliuliza mume.

"Nje. Nguo."

"Njoo hapa. Kuna kitufe cha herufi kubwa, mkono wa kushoto. Mimi nakibonyeza, wewe niambie kama kuna taa kwenye kibodi."

Mama Pindo akainama. Mume akabonyeza. "Ipo," alisema. "Imewaka." Akabonyeza tena. "Imezimika."

"Unaona? Mfu hajibu." Sauti ya mume ilikuwa na msisimko alioujitahidi kuuficha. "Iko macho. Inazungumza, ila haijafika kwenye sauti yangu. Ile sauti huja mwishoni, baada ya mashine kumaliza mambo yake. Kabla ya hapo inazungumza kwa maandishi. Skrini inasema nini?"

"Skrini nyeusi. Tangu asubuhi tunasema ni nyeusi."

"Nyeusi ya kuwaka au nyeusi ya kuzimwa?"

Mama Pindo alisogea karibu. Aliitazama skrini. Pembeni mwake ilining'inia futi yake ya kupimia nguo, na juu yake kulikuwa na vikaratasi alivyobandika, kiuno cha mteja huyu, mabega ya mteja yule. Chini palikuwa na kijitaa. Hakikuwa kijani wala chekundu. Hakikuwa na rangi yoyote.

Akapitisha mkono nyuma, akaufuata waya kwa vidole. Ulishuka, ukapita nyuma ya meza, ukaishia sakafuni, kichwa chake kimelala katikati ya nyuzi na vipande vya kitambaa, kimevaa vumbi kama soksi.

Alikumbuka. Pasi ilihitaji soketi. Alikuwa na sare za kunyoosha, soketi zote zimejaa, akatazama nini kinaweza kung'oka, akaona skrini. Nani aitazame? Mwenye kompyuta haoni, na yeye mwenyewe hana habari nayo. Aling'oa, akapiga pasi, akasahau. Tangu siku hiyo kifaa kile kilikuwa samani, mahali pa kutundikia futi, na mumewe aliandika kikao baada ya kikao mbele ya kioo kilichokufa bila kupungukiwa na kitu. Na leo watu wawili wenye macho wamekitazama kutwa nzima, wakaona giza lake, wakasema kompyuta imekufa.

"Mwenzangu?"

"Haikuwa na umeme," alisema polepole. "Skrini. Ni mimi niliyeing'oa. Zamani."

Mume akaanza kucheka, kicheko cha kweli kilichomtikisa mabega. "Chomeka basi," alisema. "Chomeka tuone. Yaani, uone."

Akang'oa pasi, akachomeka skrini. Kijitaa kikawaka. Kutoka kwenye weusi maandishi meupe yakajitokeza, mistari michache ya Kiingereza, imetulia pale juu kama mtu aliyebisha hodi na kuvumilia mlangoni. Kiingereza cha Mama Pindo kilikuwa cha kwenye pakiti za uzi na lebo za nguo, kwa hiyo alimsomea herufi moja moja, naye mume akaziunganisha kwa midomo.

"Inasema saa yake imepotea," alisema mume. "Ndani kuna kijibetri cha kutunza saa. Kitakuwa kimekufa siku nyingi, ila kwa kuwa haikuwahi kuchomolewa ukutani, hatukujua. Jana mmeichomoa, imeamka haijui leo ni siku gani. Inauliza iendelee hivyo hivyo au tuirekebishe kwanza. Tukitaka iendelee tubonyeze kitufe cha kwanza cha juu, baada ya kile cha pembeni."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Na yule fundi?"

"Alikibonyeza bila kujijua. Akachomoa, ikasahau tena. Tukaileta hapa, ikauliza tena, ikakosa wa kuijibu." Alinyoosha kidole, akahesabu vinundu vya mstari wa juu, akabonyeza.

Skrini ikajaa rangi. Ile sauti ikasema, "Karibu."

Mama Pindo alikaa kwenye boksi la vitambaa. Alitaka kufurahi. Furaha ilikuja, ikakuta simu aliyoipiga imetangulia kukaa, ikarudi.

*

Mume alifanya kazi mchana wote uliobaki. Bisibisi alirudi na kifaa cha kusafishia umeme, akaelezwa yaliyotokea, akakaa akiitazama skrini kama mtu aliyedhulumiwa na ndugu. "Hata mimi sikuangalia waya," alisema mwishowe. "Penye wengi haliharibiki neno, wanasema. Sisi tulikuwa wengi." Akakibeba kifaa chake kizito, akaenda kukirudisha. Kwa shemeji yake alisema "pole", na shemeji akamwambia kijikadi kinafanya kazi vizuri sana, ahsante, jambo lililomrudishia Bisibisi nusu ya heshima yake.

Mama Pindo alishona. Lile gauni alilipinda, akalifumua, akalipinda tena. Mara nne alisimama kwenda kumwambia, na mara zote nne alimkuta ameweka vipokea sauti masikioni, vidole vinakimbia, midomo inayafuata maneno ya mtu fulani aliyekuwa akiapa mbele ya baraza kwamba mpaka uko penye jiwe na jiwe limesogezwa. Akarudi kukaa. Alijipa sababu: asimkatishe. Kisha nyingine: labda karani hakumpata yule binti. Labda atampigia kesho asubuhi mwenyewe, aseme alikosea, na hakuna atakayejua. Alikuwa hodari wa kuficha mshono, na sasa alikuwa akitafuta namna ya kuuficha huu.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa mume alipovua vipokea sauti na kuviweka mezani.

"Nimemaliza," alisema.

"Hongera."

"Sasa nampigia karani."

"Kwa nini umpigie? Si utampelekea tu asubuhi?"

"Nataka ajue kwamba inakuja." Alikuwa ameshachukua simu yake, lakini hakuibonyeza. Aliishika tu. "Hasa kwa kuwa umemwambia haiji."

Mguu wa Mama Pindo ulikuwa juu ya kikanyagio cha cherehani. Sindano ikaenda mbele mara mbili peke yake kabla hajauondoa.

"Ulinisikia," alisema.

"Dirisha liko wazi."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa na kazi."

Aliinuka, akaja kusimama karibu naye, mikono haina pa kukaa. "Nilichanganyikiwa," alisema. "Kutwa nzima, vitu havieleweki, yule kijana na maneno yake, Bisibisi amekasirika. Niliona unahangaika. Sikuweza kukuangalia unahangaika."

"Hata mimi nilichanganyikiwa," alisema mume. "Zaidi yenu, maana ninyi mlikuwa mnaambiana." Hakupandisha sauti. "Ungemwambia kompyuta imeharibika. Ni kweli, na ni maneno mawili. Ulimwambia mumeo hawezi."

"Sikukusudia hivyo."

"Nakujua. Ndiyo maana limeniuma. Angesema yule fundi ningecheka. Mteja akija kuulizia nguo yake siku cherehani imekatika mkanda, mimi simwambii mke wangu hajui kushona."

Machozi yalimtoka Mama Pindo, akayaacha, akijitahidi kupumua kwa mdomo ili yasisikike. Yalisikika.

Mume akabonyeza simu, akaiweka iseme kwa sauti. Karani alipokea, na alipotambua ni nani sauti yake ikalainika vilevile kama mchana.

"Kikao cha mwisho kiko tayari," alisema mume. "Kesho mkifungua tu kitakuwa mezani kwako."

"Ah," alisema karani. "Lakini mzee, mama aliniambia... Samahani, mama yupo hapo? Nipe niseme naye kidogo."

Mume alinyoosha simu kuelekea pale alipojua mkewe amesimama. Mama Pindo akaipokea, akaizima ile sauti kubwa, akaiweka sikioni.

"Mama," alisema karani kwa kunong'ona, kama watu wasemavyo juu ya kitanda cha mgonjwa. "Niambie ukweli, sisi wanawake. Nani amemwandikia?"

Alimtazama mumewe. Alikuwa amegeukia ukutani, na Mama Pindo alijua kwamba hata mnong'ono ule alikuwa ameusikia wote.

"Kaandika yeye," alisema. "Kaandika vyote, tangu cha kwanza. Mchana nilikuambia uongo. Kompyuta ndiyo iliyokwama, na waya nilioung'oa mimi ndio uliotufanya tusijue imekwamia nini. Nilikupigia bila kumuuliza." Akavuta pumzi. "Mengine ya kazi msemeshe mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani."

Akamrudishia mumewe simu, mkononi, akavikunja vidole vyake juu yake.

Karani aliongea sana. Mama Pindo alisikia upande mmoja tu, na huo ulikuwa mfupi. Ndiyo. Naelewa. Alizichukua lini? Hapana, usimnyang'anye, naye ameshapanga yake. Ndiyo, hiki nitakileta mwenyewe. Haya. Usiku mwema.

"Amesemaje?" aliuliza Mama Pindo.

"Za mbele ameshampa yule binti. Za mwaka mzima. Hiki atakipokea na kunilipa, na likipatikana jambo atanikumbuka."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama Pindo aliketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya mumewe, magoti yao yakakaribiana.

"Nisamehe," alisema.

Mume alifikiri. Hakuharakisha, naye hakutaka kumdanganya.

"Nitakusamehe," alisema. "Leo bado."

Kisha akavaa vipokea sauti, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuisikiliza kazi yake upya, neno kwa neno, kuhakikisha hakuna lililokosewa. Mama Pindo alibaki pale kwenye kiti cha wateja, akimngoja.